Shika, Sema, Subiri

Siku kampuni ilipotangaza safari mpya, watu walinipongeza kana kwamba nimejifungua. Jirani wa mlango wa pili alikuja meno yote nje, akanishika mikono, akasema, "Mama, nyie mmeula." Wifi yangu alipiga simu kuuliza kama ndugu nao watakuwa wanapewa tiketi. Hata muuza vitambaa, ambaye siku zote hunibania mpaka inchi ya mwisho, alinikatia na ziada. Nikashukuru, nikabeba ziada yangu, nikarudi nyumbani.

Habari yenyewe tulikuwa tumeiona kwenye televisheni. Mkurugenzi wa kampuni alisimama mbele ya ramani kubwa, na kutoka mji wetu mistari myekundu ilichomoza ikavuka bahari na majangwa mpaka kwenye miji ambayo mimi naijua kwa lebo za nguo tu. Jeti mpya zinakuja. Ajira zinakuja. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mume wangu, ambaye ndiye rubani humu ndani, hakupiga. Alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikafanya utando.

"Si habari njema?" nikamuuliza.

"Njema. Umesikia wakizitaja ndege zetu?"

Sikusikia. Nilikuwa naangalia suti ya mkurugenzi, maana mabega yake yalishonwa vibaya na mimi ni fundi cherehani, siwezi kujizuia. "Ndege zetu" ni zile ndogo za pangaboi, zenye feni kubwa mbele ya kila injini, ambazo mume wangu alikuwa akiondoka nazo asubuhi na kurudi nazo jioni. Ndizo zilizotulea. Nyumba, cherehani zangu, ada za mabinti, vyote vilitoka kwenye mapanga yale. Na katika hotuba nzima ya furaha hakuna mtu aliyezitaja hata kwa bahati mbaya.

Aliyetumwagia ukweli ni shemeji. Ni mdogo wake mume wangu, fundi wa injini katika kampuni hiyohiyo, na tangu niolewe hajawahi kuvuka kizingiti changu bila kunitania. Jumapili ile aliingia, akakaa, akaomba maji. Nikajua kuna jambo.

"Zinauzwa," akasema. "Wanunuzi wamekuja na tochi, wamezichungulia mpaka kwapani. Mwisho wa mwaka haibaki hata moja."

"Na marubani wake?" nikauliza.

"Wanapelekwa kwenye jeti, wote. Ila kuna simuleta."

Simuleta, kwa asiyeijua, ni chumba cha rubani kilichosimamishwa juu ya miguu ya chuma ndani ya jengo. Kinatikisika, kinapaa, kinashika moto, na hakuna anayekufa. Kwetu hakipo, marubani husafirishwa mbali kwenda kufunzwa humo, na mwisho wa mafunzo kuna mtihani. Unapewa nafasi mbili. Ukianguka ya pili, kampuni inakupa mkono wa kwaheri, kwa sababu ile ndege uliyoizoea haipo tena ya kurudia. Na viti havikungoja mtu. Makapteni wa kigeni waliokwisha kuzizoea jeti walikuwa wanaajiriwa tayari, safari zisije zikachelewa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shemeji akasema, akacheka peke yake. Kaka yake alikuwa anaitazama mikono yake.

Alikuwa amevuka hamsini. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu wangu alishakauka zamani. Akifaulu, ana miaka mingi mbele yake ya kuruka, na kwa cheo kikubwa kuliko cha kwanza. Akianguka, unga umemwagika, kwa sababu hakuna anayemtaka kapteni wa pangaboi wa umri ule wakati pangaboi zenyewe zinatafutiwa wanunuzi. Kazi nyingine haijui. Aliwahi kujaribu kufuga kuku, wakafa wote, yeye akiwa safarini na mimi nikiwa siwapendi kuku.

Wenzake wanamwita Fasta. Jina hilo lazima nilieleze, maana hatari yetu yote ilikuwa imelala ndani yake. Zamani, mabinti wakiwa wadogo, injini moja ilimfia, ndege ikiwa ndiyo kwanza inainua magurudumu, imejaa abiria. Kwenye pangaboi, injini ikifa, panga lake linageuka ukuta. Linaikokota ndege upande, na usipoligeuza upesi makali yake yaelekee upepo, mnaanguka nalo. Mume wangu aligeuza lile panga kabla rubani msaidizi hajajua kimetokea nini. Wakarudi salama. Tangu hapo haraka yake ikawa hadithi ya kampuni, na vijana wapya wakawa wanaonyeshwa kwa kidole: yule pale ndiye Fasta. Wanasema haraka haraka haina baraka, lakini shemeji alikuwa akisema kaka yake alipewa haraka na baraka kwenye kifurushi kimoja. Mimi pia niliona fahari. Mkono ule ndio ulionirudishia mume.

Alianza kujiandaa kabla hata hajaitwa. Alileta bango la karatasi lenye picha ya chumba cha rubani wa jeti, kubwa kama shuka la mtoto, akalibandika kwenye ukuta wa jikoni nilipokuwa nimetundika kalenda. Akaweka viti viwili mbele yake, cha kushoto cha kapteni na cha kulia cha msaidizi, yaani mimi.

"Kuna sheria moja tu," akaniambia. "Injini ikifa, hakuna kuzima kitu peke yako. Mimi nashika swichi. Nasema ni ya injini gani. Halafu nasubiri. Wewe unaangalia kidole changu kiko wapi. Kama ni penyewe, unasema 'nathibitisha'. Kama si penyewe, unasema 'siyo'. Mpaka useme, sizimi."

"Shika, sema, subiri."

"Hivyo hivyo."

Kazini maneno hayo wanayasema kwa Kiingereza. Lakini jikoni kwangu sikubali kuamrishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tukayasema kwa Kiswahili.

Asubuhi ambazo hakuwa na safari, mabinti wakishaenda shule, tulikaa mbele ya ukuta ule, sufuria ikichemka nyuma yetu. Mimi nasoma kwenye karatasi: "Injini namba mbili imekufa." Kidole chake kinaruka. "Swichi ya mafuta, namba mbili." Nasema, "Nathibitisha." Anagonga ukuta, swichi imezimwa, tunaendelea.

Niliisema vizuri. Niliisema upesi, kwa kuwa yeye alikuwa mwepesi na sikutaka nionekane mzito. Mara nyingine nilikuwa naangalia sufuria. Mara nyingi zaidi nilikuwa naangalia uso wake, kwa sababu uso ndio ulionitisha: mtu mzima, asubuhi, jikoni kwake, mbele ya karatasi, kijasho chembamba kinamtoka. Niligundua kwamba "nathibitisha" ikitoka upesi, uso ule unatulia kidogo. Basi nikawa naitoa upesi. Mke gani angemnyima mumewe kitu kidogo kama hicho?

Siku moja shemeji alitukuta hapo. Alisimama mlangoni akitutazama, nami nikangoja utani. Haukuja.

"Kaka, mbona unakimbia?" akasema. "Jeti haina panga la kukukokota. Injini ikifa, panda kwanza, pumua, uangalie ni ipi. Wanaoiua jeti ni wenye haraka, wanazima ile nzima."

"Najua," mume wangu akasema.

"Anajua," nami nikadakia. "Wewe shemeji kaa na spana zako, huku ni kwa marubani."

Akacheka, akainua mikono. Sikuona kama macho yake yalicheka.

Mume wangu aliitwa. Nikampigia pasi mashati, nikamkunjia sanduku, nikamsindikiza mpaka getini bila kulia, kwa sababu mabinti walikuwa wananitazama wajue kama kuna la kuogopa. Jikoni bango lilibaki ukutani na viti viwili mbele yake. Sikuvitoa. Nikawa nakula nimesimama.

Alipiga simu kila siku. Mwanzoni alieleza mambo mengi: chumba chake, baridi, vitabu, kijana aliyepangwa naye kama msaidizi wake. Ni kijana wa kampuni hiyohiyo, aliyeruka pangaboi kwa muda mfupi tu, na kwake hizi safari mpya zilikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Kwa mwendo huu angekuwa kapteni kabla hajaota mvi. Kadiri mtihani ulivyokaribia, mume wangu akawa anaongea kidogo zaidi. Mwishoni akawa anauliza tu habari za mabinti. Nikaanza kuiogopa simu yenyewe.

"Nimeanguka," akasema siku ya mtihani.

Nilikaa. Nilikaa kwenye kiti changu kile cha kulia.

"Injini ya kushoto ilikufa tulipopaa tu. Mkono ukaenda. Nikashika, nikasema, nikazima."

"Ukazima nini?"

"Ya kulia."

Ile nzima. Akanieleza jinsi mlio ulivyokatika, jinsi ardhi ilivyokuja kwenye vioo, na jinsi mtahini alivyowasha taa akawaambia kwa upole kwamba watu wote wamekufa. Upole ule ndio uliomchoma, akasema. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Na huyo kijana?" nikauliza, na hasira ikanipanda kwa sababu hasira ni rahisi kuliko hofu. "Macho alikuwa amefumba? Au anakitaka kiti chako?"

"Angekuwa na tamaa ningemwelewa. Alikuwa na heshima. Anasema aliona kidole changu hakiko penyewe. Mdomo ulikuwa unafunguka. Halafu akafikiri…"

"Akafikiri nini?"

"Akafikiri, huyu si ni Fasta."

Alipokata simu nilibaki mbele ya ukuta. Niliitazama picha ya zile swichi mbili, zimekaa jirani kama vifungo vya shati, na nikajaribu kujiuliza ni nani aliyemjibu mume wangu mle ndani. Kijana hakuthibitisha. Alisita tu. Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kuzoea jibu linalokuja palepale, bila mtu kuangalia, na masikio yake yalilisikia hata pasipokuwa na jibu. Lilikuwa jibu langu. Asubuhi zote zile nilidhani nampa moyo, kumbe namfundisha kwamba kusubiri ni neno la kutamkwa tu.

Nilihisi baridi, jikoni, moto unawaka. Nilikuwa nimeogopa kwamba mume wangu atapoteza kazi. Sasa nikaanza kuogopa na kingine, kwamba ataipata.

Alibakiwa na nafasi moja. Kesho yake nikampigia mimi.

"Chukua lile bango mlilopewa huko mafunzoni."

"Nimechoka, mama."

"Chukua. Injini namba moja imekufa."

Nikasikia karatasi ikikunjuliwa, na pumzi ya mtu asiyependa. "Swichi ya mafuta, namba moja."

Nikanyamaza.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Mbona hujibu?"

"Umezima?"

Akakohoa.

"Nakuuliza, umezima?"

"Nimezima."

"Basi watu wote wamekufa. Tunaanza upya."

Hakufurahi. Aliniambia ni upuuzi, simu haina macho, nitajuaje kidole chake kiko wapi. Ni kweli, nisingejua. Lakini sikuwa namfundisha kushika. Nilikuwa namfundisha kunisubiri, jambo ambalo katika ndoa yetu yote hajawahi kulifanya, hata tukienda harusini huniacha nifungie viatu barabarani.

Tukaanza upya kila siku. Anashika, anasema, nami nauma ulimi. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama ile. Nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza niliisikia hofu yake ikiwa tupu, bila lile neno langu la kuifunika. Nilitamani kuisitiri. Nikashika meza kwa mikono yote miwili, nikanyamaza, mpaka nijue mkono wake umetulia mahali ulipo. Ndipo naachia. Siku nyingine niliachia "nathibitisha", siku nyingine nikasema "siyo" hata bila sababu, nione kama atauhamisha. Mara ya kwanza aligomba. Baadaye akawa anahamisha.

Kabla ya mtihani nilimwambia, "Na huyo kijana mwambie kwamba akikukataza hutamla."

"Nimwambieje?"

"Mwambie unaogopa."

"Kapteni hasemi hivyo."

"Basi kapteni atafuga kuku."

Siku ya mtihani wa pili jirani alipita kuuliza ni lini kapteni wetu anaanza kuruka ng'ambo, nikamwambia karibuni tu, inshallah, nikamfungia mlango. Nilikuwa na gauni la mteja. Nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona tena vilevile. Nikaiacha cherehani. Shemeji alikuja bila kualikwa, akavuta kiti, akakaa nami jikoni. Hakukalia kile cha kushoto.

Simu ikalia. Shemeji alisimama. Mimi nikapokea.

"Nimefaulu," mume wangu akasema.

Niliitoa sauti nje ili shemeji naye asikie, na mtu mzima yule akaanza kucheza pale pale kati ya jiko na meza, akipiga makofi, akinitaja kwa majina ya utani aliyoyaweka akiba wiki zote zile. Nikamwacha acheze. Nikaizima ile sauti ya nje, nikaiweka simu sikioni.

"Ulisubiri?"

"Nilisubiri."

"Akathibitisha?"

Hapo akanyamaza, na kilikuwa kimya kirefu, cha aina ile niliyomfundisha mwenyewe.

"Alisema siyo."

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa.

"Nilishika ile nzima tena," akasema kwa sauti ya chini. "Mkono ulienda wenyewe. Nikasema, nikasubiri, naye akasema siyo. Sauti yake ilitetemeka, lakini akasema. Nikahamisha."

"Mtahini hakuona?"

"Aliona. Akasema ndivyo kazi inavyotakiwa. Binadamu anakosea, mwenzake anamwambia."

Nikamwambia hongera. Nikamwambia mabinti watafurahi. Nyuma yangu shemeji alikuwa bado anacheza.

Sasa anaruka kwenye ile mistari myekundu. Wifi alipata tiketi yake. Jirani hupita na kusema si alituambia, na muuza vitambaa amerudia kunibania, kwa hiyo mambo yote yako kama kawaida. Mume wangu naye amebadilika. Hata nikifunga viatu hunisubiri ndani. Bango liko palepale ukutani, na asubuhi anapokuwa nyumbani tunakaa mbele yake. Anashika, anasema, anasubiri. Mimi sitazami uso wake tena. Natazama kidole, natazama tena, nahesabu swichi kama mtoto anayejifunza kulia na kushoto, na chai inapoa.

Lakini jikoni ni kwangu. Kule juu, kiti cha kulia kila safari kina mtu mwingine. Kampuni inakua, inaajiri, vijana ni wengi na wapya, na wote wameshaonyeshwa kwa kidole yule ndiye Fasta. Kila akiondoka na sanduku lake mimi huomba. Siombi injini isife, injini hufa. Namwombea mtu nisiyemjua jina wala sura, awe amelala vizuri, awe anaangalia, na asimwogope mume wangu.